Jiko la gesi la kuchomea nyama lililoliwa na kutu: je, linaweza kurudi kuwa kama jipya?

Mama Salma, Mbweni

Ndugu wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Ninaomba ushauri kuhusu jiko la kuchomea nyama linalotumia gesi, aina ya Weber Genesis Silver B, nililolinunua kwa familia moja ya Kimarekani iliyokuwa ikihama Dar es Salaam na kuuza vyombo vyake. Lina mabomba matatu ya moto, kifuniko kizito cheusi chenye kipimajoto, na mkokoteni wa chuma wenye magurudumu. Lilikaa kibarazani kwao kwa miaka, kisha likakaa kibarazani kwangu, mahali ambapo upepo wa bahari unafika moja kwa moja, na kwa kuwa masika iliyopita sikulitunza inavyostahili, sasa limechakaa kiasi kwamba baba Salma anashauri tuwape wanunuzi wa vyuma chakavu. Mimi bado sijakubali, kwa sababu jiko hili limetulishia wageni wa harusi moja na Idi mbili, na nikiligonga kifuniko naona bado ni zima.

Hali yake ni hii. Ndani ya kifuniko kuna magamba meusi yanayobanduka na kudondokea nyama, nami nimekuwa nikidhani ni rangi. Sanduku la chini halina kutu nyekundu, lakini pembeni limeota unga mweupe. Nyavu za kuchomea zimebanduka ule upako wake unaong'aa na chuma cha ndani kimeanza kumeguka. Chini ya nyavu kuna vibati vitano vilivyokunjwa mfano wa paa la nyumba, viwili kati yake vimetoboka. Mguu mmoja wa mkokoteni, upande wa chini, nimeugusa kwa bisibisi ikazama ndani.

Kinachonitia hofu zaidi ni moto wenyewe. Bomba la katikati linatoa moto wa njano unaoacha masizi, bomba la nyuma linawaka nusu tu, na kwa ujumla moto ni mdogo hata nikifungua swichi zote hadi mwisho. Fundi aliyeniunganishia mtungi wa hapa nchini alikata mpira wa Kimarekani karibu na mwisho wake, akafunga regulata ya kwetu hapo, na ile regulata ya asili akaiacha ilipokuwa. Aliniambia kuwa regulata mbili zina usalama zaidi kuliko moja.

Naomba kujua nianzie wapi, nini kinafaa kuokolewa na nini kinunuliwe upya, na kama kuna rangi inayostahimili moto nitakayoweza kupaka ndani na nje. Natanguliza shukrani.

---

Fundi Gesi, Tanga

Mama Salma, habari za huko Mbweni. Nimekuwa fundi wa majiko ya hoteli za pwani kwa muda mrefu, na majiko niliyoyaona yakifa kwa chumvi ni mengi kuliko yaliyokufa kwa kutumika. Nakuomba uanze na njia ya gesi kabla hujagusa msasa wala rangi, maana jiko linaweza kung'aa na bado likawa hatari.

Moto wako mdogo nadhani ninaujua. Regulata ya kawaida ya nyumbani hapa kwetu hushusha nguvu ya gesi hadi milibari 28 au 30. Ile ya Kimarekani iliyokuja na jiko imetengenezwa kupokea gesi yenye nguvu kubwa moja kwa moja kutoka kwenye mtungi na kuishusha hadi inchi 11 za maji, yaani takriban milibari 27. Ukizifunga zikafuatana, ile ya pili inapokea gesi iliyokwisha kushushwa, haina nguvu ya kutosha kufanya kazi yake, na kinachotoka mwishoni ni kidogo kuliko jiko linavyohitaji. Hakuna usalama wowote unaoongezeka. Kinachoongezeka ni kiungo kimoja cha mpira uliokatwa, ambacho kinaweza kuvujisha. Iondoe ya Kimarekani pamoja na mpira wake wote. Kwa bahati nzuri, milibari 27 na 28 ni karibu mno, hivyo regulata ya nyumbani inayolingana na valvu ya mtungi wako inaliendesha jiko hilo vizuri. Usikubali kuuziwa ile regulata yenye kishikio cha kuongeza na kupunguza nguvu, wanayotumia wapishi wa masufuria makubwa ya shughuli, kwani hiyo ni ya nguvu kubwa na valvu za jiko lako hazikuundwa kwa ajili yake.

Mpira uwe wa gesi, wenye maandishi na tarehe ubavuni, usiwe mpira wa maji wala wa upepo wa magari, kwa sababu gesi ya kupikia hulainisha na kupasua mipira isiyo yake. Upande wa jiko utakuta mdomo wa shaba wenye hesi, ambao katika majiko mengi ya Kimarekani haupokei mpira wetu moja kwa moja. Peleka ile nati yake kwa wauzaji wa vifaa vya gesi au vya friji, upewe kiungo cha shaba chenye hesi hiyo upande mmoja na mkia wa kuvalia mpira upande wa pili, kisha ukaze kwa klipu ya bolti. Usikaze kwa waya.

Jambo la kuhakikisha kabla ya yote ni bamba la maelezo lililopigiliwa kwenye jiko, linalosema kama lilitengenezwa kwa gesi ya mtungi au kwa gesi asilia ya bomba. Kule Marekani nyumba nyingi zina gesi ya bomba, na majiko ya namna hiyo yana nozeli, yaani vile vipande vidogo vinavyotoa gesi, zenye matundu mapana zaidi, kwa kuwa gesi asilia ina joto dogo kwa ujazo uleule na husafiri kwa nguvu ndogo zaidi. Ukiliunganisha jiko la gesi asilia na mtungi, moto unatoka mrefu wa kutisha. Kwa kuwa wako ni mdogo sidhani kama ndivyo ulivyo, lakini lisome bamba.

Sasa mabomba ya moto. Moto wa njano na masizi ni dalili kwamba gesi haipati hewa ya kutosha kabla ya kuwaka. Kila bomba lina mdomo mpana unaokaa juu ya nozeli, na hapo ndipo gesi inapovuta hewa. Buibui hupenda sana kujenga humo, na hapa kwetu nyigu wa udongo ni wabaya zaidi yao. Niliwahi kufungua bomba moja huko Pangani nikatoa udongo mkavu mrefu kama kidole cha mtu, na ndani yake mlikuwa na viwavi walioletwa na nyigu. Njia ikiziba namna hiyo, gesi hurudi nyuma na kuwaka chini ya swichi, mahali ambapo mkono wako upo, kwa hiyo tangu leo usiliwashe tena mpaka uyatoe mabomba na kuyasafisha. Pitisha brashi ndefu ya chupa ndani, gonga bomba kwenye ubao, osha kwa maji ya sabuni, kausha juani hadi liwe kavu kabisa. Vitundu vya juu vizibue kimoja kimoja kwa waya mwembamba usiovipanua, na ukipiga brashi, ipitishe kwa kukata upana wa bomba, usiifuatishe urefu wake. Bomba ambalo vitundu vyake viwili vimeungana kuwa ufa halisafishwi, linabadilishwa.

Nozeli zenyewe ni za shaba na tundu lake limepimwa kwa umakini mkubwa. Usiingize sindano wala ncha ya drili. Ziloweke kwenye maji ya sabuni, zipulize kwa upepo, zitazame dhidi ya mwanga. Ukiona duara safi, basi.

Ukimaliza kuunganisha, funga swichi zote za jiko, fungua mtungi, kisha paka povu la sabuni kwenye kila kiungo kuanzia mtungini hadi kwenye valvu za jiko. Povu likitoa mapovu yanayokua, hapo panavuja. Usipime kwa kiberiti hata kidogo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala chini na kujaa kwenye mashimo na pembe za kibaraza bila kuonekana, na harufu unayoisikia imeongezwa kiwandani makusudi ili ikuonye.

---

Msafi wa Kimara

Nakubaliana na fundi kuhusu gesi. Kwa upande wa uchafu, mimi hutumia kostiki soda iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto. Trei ya oveni yangu ilikuwa nyeusi tii, ikatoka nyeupe kwa usiku mmoja. Mama Salma aloweke kila kitu humo, kifuniko, sanduku na nyavu, na kesho yake asuuze.

---

Mwana wa Tanga, Minnesota

Ndugu yangu wa Kimara, naomba nikuzuie kwa heshima kabla dada hajatekeleza ushauri huo. Sanduku la Genesis ni la alumini ya kusubu, na ndiyo maana halina kutu nyekundu. Ule unga mweupe anaoueleza ni kutu ya alumini. Kostiki soda hula alumini: inachemka, inatoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto, na asubuhi anaweza kukuta sanduku limetoboka au limebaki na makovu ambayo hayafutiki. Kwenye oveni yako ilifaa kwa sababu ile ilikuwa chuma chenye enameli. Hata dawa za kunyunyizia za kusafishia oveni nyingi zina kostiki hiyohiyo, kwa hiyo asome maandishi ya kopo kwanza.

Mimi ninaishi huku kwenye baridi, ambako majiko haya huwekwa kando ya barabara bure wenyewe wanapohama, na nimefufua mawili, moja likiwa la aina hiihii ya kwako, Mama Salma. Genesis ilianza kuuzwa mwaka 1985, na kilichoitofautisha na majiko ya wakati ule ni hivyo vibati vyako vya paa, vilivyochukua nafasi ya mawe ya volkano yaliyokuwa yakitandazwa juu ya moto. Mafuta ya nyama hudondokea vibati vya moto, yakageuka moshi, na moshi huo ndio unaoipa nyama ladha. Yanayobaki huteremka kwenye sinia ya chini bila kuyafikia mabomba. Vibati vyako viwili vilivyotoboka vinaacha mafuta na chumvi viangukie mabomba, na sitashangaa ukikuta bomba la katikati limeharibika kwa sababu hiyo.

Yale magamba meusi ya ndani ya kifuniko si rangi, kwa maana ndani ya kifuniko hicho hakukupakwa rangi kabisa. Ni moshi na mafuta yaliyoganda tabaka juu ya tabaka hadi yakawa kama lami kavu, na yakishakuwa mazito hujibandua yenyewe. Yakwangue kwa skrepa ya plastiki, kisha osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, na ukimaliza utaona enameli inayong'aa ambayo hukuwahi kuijua. Usipeleke brashi ya mashine hapo. Enameli ni kioo kilichoyeyushiwa juu ya chuma, na ukikitia ufa, maji yanaingia na kutu inatambaa chini yake usipoiona.

Kwa sababu hiyo pia, jibu la swali lako la rangi lina sehemu mbili. Ndani, popote panapopata moto au mvuke wa chakula, usipake rangi yoyote, hata kopo likisema inastahimili joto la nyuzi 600, kwani itabanduka na mtaila. Nje, kifuniko chako si kitu kimoja: sehemu ya katikati ni bati lenye enameli, haihitaji rangi bali kuoshwa na kung'arishwa kwa nta ya gari jiko likiwa baridi, lakini vile vipande viwili vya kando, kushoto na kulia, ni alumini iliyopakwa rangi, na hivyo ndivyo vinavyofifia na kuwa kijivu. Hivyo vifute mafuta kwa thina, visugue kwa msasa laini hadi rangi ya zamani iwe butu, ziba enameli kwa gazeti na selotepu ya mafundi rangi, kisha puliza rangi nyeusi ya majiko kwa mikono mitatu myembamba, kila mkono ukisubiri uliotangulia ukauke. Mkono mmoja mnene unateleza na kuacha machozi. Rangi hii haikomai kwa jua peke yake. Washa moto mdogo kwa nusu saa, acha ipoe kabisa, kisha rudia kwa moto mkubwa zaidi. Itatoa harufu kali siku hiyo, kwa hiyo usipike chochote.

Sanduku la alumini utalikwangua ndani kwa skrepa na brashi ya shaba, kisha sabuni. Halitarudi kuwa jeupe, na halihitaji kuwa jeupe. Linatakiwa liwe halina matundu na tundu lake la chini la kushushia mafuta liwe wazi. Ule unga mweupe msasa unautosha.

Bolti zilizogoma ndizo zitakazokuchosha. Bolti ya chuma ndani ya alumini, penye unyevu wa chumvi, hushikana kana kwamba imechomelewa. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu jioni, urudie asubuhi na jioni tena, na siku ya tatu ipashe joto alumini iliyoizunguka bolti, kwa kuwa alumini hupanuka zaidi ya chuma na kuiachia. Izungushe robo mbele, robo nyuma. Ukilazimisha kwa siku ya kwanza, kichwa kitakatika na utahitaji drili. Wakati wa kurudisha, weka bolti za stenlesi na uzipake grisi ile ya kuzuia kushikana inayostahimili joto.

---

Mchomeleaji wa Gerezani, Dar es Salaam

Mama Salma, kuhusu nyavu, vibati na mguu, hayo ni ya kwetu sisi wachomeleaji, na si lazima uagize kutoka nje.

Nyavu zilizobanduka enameli usizihangaikie, kwa sababu hakuna fundi wa mtaani anayeweza kurudishia enameli, na chembe zake ni vioo ambavyo hutaki viingie kwenye nyama. Mwambie fundi akutengenezee mpya kwa nondo za stenlesi za milimita 8, za daraja la 304. Chukua sumaku unapokwenda kununua. Daraja la 430, ambalo ni rahisi na huuzwa kwa jina lilelile la stenlesi, linashika sumaku kwa nguvu na pwani litaota madoa mapema. 304 haishiki, au inashika kidogo tu mahali ilipokunjwa, na hapo usigombane na muuzaji, kwani kukunja kwenyewe hubadilisha tabia yake. Likipatikana daraja la 316 ni bora zaidi mbele ya chumvi, ingawa bei yake inapanda sana na kwa nyavu zinazopakwa mafuta kila mara mimi sioni ulazima.

Kazi inapoharibikia ni kwenye kuchomelea. Fundi akitumia fimbo za kawaida za chuma cheusi, nyavu zitang'aa zote isipokuwa pale kwenye maungio, ambapo kila nukta itageuka nyekundu ndani ya mwezi. Sisitiza fimbo za 308 au achomelee kwa gesi ya agoni. La pili ni jiwe la grenda: jiwe lililokwisha kukata chuma cha kawaida linabeba vumbi la chuma hicho na kulipandikiza kwenye stenlesi, halafu mteja anarudi akisema ameuziwa stenlesi bandia. Nunua jiwe jipya, mkabidhi fundi, na mwombe alitumie kwa kazi yako tu. Chuma kilichochovywa zinki usikikubali popote panapofika moto, kwa sababu zinki ikipata joto kali hutoa moshi wenye sumu.

Vibati vya paa ni kazi ya mashine ya kukunjia. Peleka kimoja kizima kama kielelezo, vikatwe kwenye bati la 304 lenye unene wa milimita 1.5, vikunjwe kwa pembe ileile. Vya asili ni vyembamba zaidi, ndiyo maana vinatoboka.

Mguu ulioliwa ukatwe mpaka ufike kwenye chuma kinacholia vizuri kinapogongwa, kisha lichomekwe ndani bomba la pembe nne dogo kidogo na kuunganishwa kipande kipya. Lakini uelewe kilichouua: mvua iliingia kwa juu kupitia tundu la bolti, ikateremka hadi chini, na kile kizibo cha plastiki cha mwisho kikaizuia isitoke. Toboa tundu la milimita 5 chini ya kila mguu ili maji yapite. Ndani mimina rangi ya kuzuia kutu, zungusha mguu, acha idondoke.

---

Mama Salma, Mbweni

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tano kueleza kilichofanyika, na ninawashukuru kutoka moyoni, hasa aliyenizuia nisitumie kostiki soda, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuinunua.

Bamba la maelezo linasema gesi ya mtungi, hivyo hofu hiyo iliondoka mapema. Bomba la nyuma lilikuwa na udongo wa nyigu kama Fundi Gesi alivyosema, tena mwingi, na ule wavu mdogo wa kuzuia wadudu mdomoni mwa bomba ulikuwa umeoza na kuacha pengo. Bomba la katikati lilikuwa na ufa wa urefu wa kucha, palepale chini ya kibati kilichotoboka, kama alivyobashiri ndugu yetu wa Minnesota. Hilo tuliagiza jipya kupitia shemeji anayesafiri, na ndilo jambo lililotuchelewesha. Mengine mawili yalisafishika.

Kifuniko kilinichukua siku mbili. Magamba yalijaza ndoo ndogo. Chini yake palitokea weusi unaong'aa kama maji ya kisima, na Salma aliweza kuona uso wake humo, jambo lililomfanya baba yake aje kutazama na kuacha kabisa habari ya vyuma chakavu. Kwenye ukingo wa chini kuna mahali pawili ambapo enameli imemeguka kwa upana wa punje ya mahindi; hapo nimeondoa kutu kwa msasa na huwa napapaka mafuta ya kupikia, kwa kuwa sikutaka rangi karibu na chakula.

Bolti kumi na moja zilitoka kwa uvumilivu, moja ikakatika. Ninakiri kwamba hiyo moja niliilazimisha. Mafundi wa Gerezani walinitobolea na kuikata hesi upya. Sumaku nilikwenda nayo, na duka la kwanza walikasirika nilipoitoa mkobani. La pili walinipa 304 bila maneno. Nyavu ni nzito kuliko za asili na zimekaa vizuri, ila vibati viwili kati ya vitano vilikunjwa pembe pana kidogo ikabidi virudishwe.

Siku ya kupima gesi, povu lilituonyesha uvujaji kwenye nati ya kiungo kipya cha shaba, mapovu madogo sana yaliyokuwa yakikua polepole, wala harufu hatukuisikia. Tulifunga mtungi, tukafungua nati, tukakuta chembe ya mchanga kwenye mdomo. Tuliifuta, tukakaza, tukapaka povu mara tatu, na povu likatulia.

Jana mabomba yote matatu yaliwaka buluu mwanzo hadi mwisho, na kipimajoto kilipanda kupita nyuzi 260 kabla dakika kumi na mbili hazijaisha, wakati zamani hakikuwahi kufika hata 180. Tumechoma nguru na mishikaki ya ng'ombe. Sasa ninalifunika likishapoa kabisa tu, na asubuhi pakiwa na jua ninalifunua, maana niligundua kuwa kifuniko cha turubai kinapofunga joto na unyevu ndani ndicho kilichokuwa kikitotesha jiko usiku kucha.

Limebaki jambo moja: kitufe cha kuwashia kinatoa mlio, lakini cheche haionekani, hivyo tunawasha kwa kiberiti kirefu kupitia tundu la pembeni. Je, kifaa hicho nacho kinaokolewa?

---

Fundi Gesi, Tanga

Hongera sana, Mama Salma. Kama mlio upo, kifaa bado kina uhai na cheche inapotelea njiani. Fuata waya kutoka kwenye kitufe hadi kwenye kile kijiti chenye kauri nyeupe kando ya bomba la moto. Kauri ikiwa na ufa, cheche inakimbilia kwenye sanduku kabla haijafika kwenye gesi, na hapo badilisha kijiti. Ikiwa nzima, futa masizi kwa kitambaa chenye spiriti, sugua ncha ya chuma kwa msasa, na uhakikishe nafasi kati ya ncha hiyo na kipande cha chuma kinachoitazama ni kama milimita 5. Mtungi uwe umefungwa unapojaribu, kibaraza kikiwa na giza la magharibi, ndipo utaiona cheche yenyewe.